Upande wa Ndani wa Anga

Mama Vifungo alikuwa mtu wa hofu. Akitoka nyumbani alirudi kuangalia kama jiko limezimwa, na akishafika barabarani alirudi tena kuhakikisha kwamba alipokuwa akiangalia jiko hakusahau kufunga mlango. Mumewe, dereva wa malori ya safari ndefu, alikuwa akimtania kwamba siku atakayokosa la kuhofia, atahofia hilo.

Kazini hofu hiyo ilimfaa. Katika chumba cha ushonaji alichokaa miaka mingi, kwenye cherehani iliyo karibu na dirisha, hakuna nguo iliyotoka mikononi mwake ikiwa na mshono uliolegea. Kila kifungo alikivuta kwa nguvu kabla ya kukiachia, kana kwamba kilikuwa na nia ya kutoroka. Jina lake lilitoka hapo, na pia kwa sababu hakuwahi kutupa kifungo hata kimoja. Shati likichakaa, alilivua vifungo kabla halijawa tambara, akavitia kwenye kopo.

Mwezi ule hofu yake ilikuwa na sababu. Shule ya binti yake ilikuwa imemchagua mtoto huyo kwenda kwenye mashindano ya sayansi ya shule za eneo lao, na washindi wawili wangepata nafasi katika shule ya bweni ya sayansi. Binti aliitaka nafasi ile hata akawa anaitaja usingizini. Majirani walimwita Kasuku, kwa kuwa tangu utotoni alikuwa hasomi kitu bila kukirudia kwa sauti, akioga, akiosha vyombo, akisukwa nywele. Kusoma hakukuwa na shida. Shida ilikuwa watu. Mwaka uliotangulia alisimamishwa mbele ya shule nzima aeleze habari ya mvua, akafungua mdomo na sauti isitoke. Alisimama pale ameng'ang'ania sketi yake mpaka mwalimu alipopanda kumshusha. Tangu siku hiyo watoto wa mtaani walipomwona walimwita Kasuku kakatwa ulimi, na yeye alipita akiinamisha kichwa.

Safari hii alikuwa amechagua kueleza jinsi mwezi unavyopita katikati ya makundi ya nyota. Mama alipomwambia kwamba haelewi kitu hicho, maana yeye mwezi anaouona kila siku unachomoza huku na kuzama kule kama jua, Kasuku alisogeza kigoda karibu na cherehani, ambako mama alikuwa akishona kitambaa cha maua.

“Endelea kushona, mama. Kitambaa kinakwenda wapi?”

“Kinakwenda nyuma ya mashine. Kiende wapi kwingine?”

“Basi tuseme kuna sisimizi juu yake, anatembea polepole kuja upande wako. Kitambaa kinamchukua kule, yeye mwenyewe anatembea huku.”

Kitambaa, akaeleza, ndizo nyota. Usiku zote zinakwenda pamoja kutoka mashariki kwenda magharibi, na mwezi unabebwa humohumo. Lakini mwezi nao una mwendo wake mdogo wa kurudi mashariki. Ukiuona jioni umekaa kwenye ua moja la kitambaa, kesho yake huukuti palepale. Umesogea kuelekea ua linalofuata. Hayo maua ndiyo makundi ambayo watu wa zamani waliyapa majina: Punda, Ng'ombe, Mapacha, Kaa, Simba, Mashuke, Mizani, Nge, Mshale, Mbuzi, Ndoo, Samaki. Mwezi unakaa kwa kila mmoja siku mbili tatu kama mgeni mwenye ndugu wengi, unayamaliza yote, kisha unaanza tena kwa Punda. Na jambo la ajabu ni kwamba unarudi kwenye nyota zilezile kabla umbo lake halijarudi kuwa lilelile.

Mama Vifungo alisimamisha mashine. Alikuwa akiuona mwezi tangu azaliwe, na hakuwahi kufikiri kwamba una ratiba ya kutembelea watu. Palepale akaamua kwamba mtoto wake hatasimama mbele ya majaji na kikaratasi kilichochorwa kwa kalamu. Atamshonea anga.

Alipata pazia kuukuu la jukwaa, la buluu iliyokolea karibu kuwa nyeusi, akalikata vipande vinne na kuviunganisha kuwa kitambaa kirefu cha kufunika ukuta. Kasuku alimchorea makundi yote kwenye karatasi kubwa kutoka kwenye kitabu cha shule. Mama akatandika kitambaa juu ya meza ya kukatia, akakilaza kifudifudi kama anavyolaza kitambaa chochote, maana hakuna fundi mwenye akili zake anayechora chaki upande wa nje. Akaweka karatasi juu, akapitisha kigurudumu chenye meno ili kitoboe mchoro hadi kwenye kitambaa, akatia chaki kwenye alama, akapiga mishono. Kisha akageuza, na upande wa nje, kila palipotokea tundu la nyota, akashona kifungo cheupe. Kopo la vifungo lilikwisha karibu lote. Kwenye moyo wa Nge, ambako Kasuku alisema pana nyota nyekundu, alishona kifungo chekundu cha koti la arusi yake mwenyewe. Mwezi aliutengeneza kwa hariri ya rangi ya maziwa, duara la kubandikwa kwa pini ili liweze kusogezwa.

Hakumwonyesha Kasuku. Alisema kazi haionyeshwi kabla ya kupigwa pasi. Ukweli ni kwamba alitaka kumwona anavyoduwaa.

Siku moja kabla ya mashindano, mchana, aliitundika ile anga kwenye kamba ya nguo chumbani mle kazini. Mzee Suti, fundi wa suti aliyekaa mashine ya pili, alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Alitembea kutoka mwisho mmoja wa kitambaa hadi mwingine mikono ikiwa nyuma kama mkaguzi.

“Mama Vifungo,” alisema, “mimi miaka yote hii nikidhani vile vifungo unawawekea wajukuu. Kumbe ulikuwa unaficha mbingu kwenye kopo.”

Akaongeza kwamba yule nge anatisha, na kwamba kama kwenye mashindano hawatamtaka, yeye atamshonea mteja wake mmoja mgongoni, yule asiyemaliza deni. Mama Vifungo alicheka, na kwa muda mfupi hakuhofia kitu.

Jioni alikunja kitambaa, akakitia kwenye mfuko, akaanza safari ya kurudi nyumbani kwa miguu. Jua lilikuwa limezama na anga ilikuwa safi. Asubuhi Kasuku alikuwa amemwambia kwamba leo mwezi utakuwa kando ya moyo wa Nge, umetoka kwa Mizani. Basi kwenye kona ya karakana ya baiskeli, ambako hapakuwa na taa, alisimama kumtazama nge wake.

Mwezi ulikuwa mkubwa, umekaribia kujaa. Kando yake, kama alivyoambiwa, palikuwa na nyota nyekundu. Alitabasamu. Zile nyota tatu za kichwa aliziona pia. Kisha akaufuata mkia, akiutafuta kulia kama alivyoushona, na kulia hapakuwa na mkia. Mkia ulikuwa umeshuka na kujikunja kushoto.

Kwanza alidhani ni macho. Akayafumba, akayafumbua. Akainamisha shingo upande huu, kisha upande ule, mpaka kijana aliyekuwa akifunga karakana akamuuliza kama amepoteza kitu. Alijibu hapana, akaenda hadi mtaa wa pili, kwa matumaini ya kijinga kwamba pengine kutoka kule nge angeonekana vizuri. Nge alikuwa vilevile. Mizani, ambayo kwake ilikuwa kushoto kwa nge, kule juu ilikuwa kulia. Akakumbuka meza ya kukatia, na kitambaa kilivyolala kifudifudi, na karatasi ya Kasuku juu yake. Alichora sawasawa, lakini alichora ndani. Nje kila kitu kilikuwa kimegeuka kama mkono wa kulia unavyokuwa wa kushoto kwenye kioo. Mwezi wake wa hariri ungekwenda kinyume, kutoka kushoto kwenda kulia, kama maandishi ya kitabu, na hiyo ndiyo sababu hakuna jicho lililoshtuka.

Akakaa kwenye ngazi ya duka lililofungwa. Kasuku angekiona kitambaa kile kwa mara ya kwanza kesho asubuhi, kimetundikwa, majaji wamekaa. Angeona kosa kabla hajafungua mdomo. Na mdomo ule usingefunguka. Kumwambia usiku huu nako kungekuwa kumnyima usingizi na kumpeleka ukumbini akiwa ameshavunjika. Kufumua na kushona upya kungetaka majuma.

Akampigia simu mwalimu wa sayansi, aliyekuwa amemwandaa Kasuku. Mwalimu alikuwa mtu mwema, mwenye haraka, na alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema hilo si jambo la kumkosesha mtu usingizi. Majaji, alieleza, wanaangalia ubunifu, usafi wa kazi na ujasiri wa mtoto. Wataingia asubuhi na kutoka mchana, mwezi wenyewe hautakuwepo.

“Mwambie tu aeleze kama kitambaa kinavyoonyesha,” alisema mwalimu. “Kulia, kushoto, nani atatoka nje kuhakikisha? Mtoto akishapata nafasi, huko mbele atajifunza iliyo sahihi.”

Mama Vifungo alishukuru, akakata simu. Shauri lile lilikuwa tamu, na wapo watu wengi walioishi maisha yao yote kwa mashauri ya namna hiyo na wakalala usingizi mzito. Aliligeuzageuza njia nzima. Angemwambia Kasuku kwamba hivi ndivyo. Kasuku angekataa, kwa kuwa anajua. Basi angembembeleza. Angemwambia mwanangu, kesho sema kulia. Hapo ndipo alipokwama. Amtume mtoto wake apigane na woga wake wote, asimame mbele ya watu, apate sauti hatimaye, na sauti hiyo ya kwanza iwe ya kusema uongo ili kumstiri mama yake.

Alipofika nyumbani alimsikia Kasuku chumbani akijisomea. Alisema neno, akakwama, akarudi mwanzo, akakwama palepale. Mama hakuingia. Alikwenda jikoni, akafunga mlango, akatandika kitambaa kwenye meza kifudifudi na kuchukua wembe wa kufumulia. Alijua hatamaliza. Alitaka tu mikono iwe na kazi.

Hakufumua hata uzi mmoja. Mbele yake, upande wa ndani, palikuwa na mafundo meupe ya uzi, fundo moja kwa kila kifungo, madogo na makali kuliko vifungo vyenyewe. Mishono iliyoyaunganisha ilikatikakatika. Nge alikuwa amelala pale, moyo wake fundo jekundu, na mkia umejikunja kushoto. Mizani ilikuwa kulia. Punda alikuwa mwisho wa kulia kabisa na Samaki mwisho wa kushoto.

Ilikuwa sahihi. Anga yote ilikuwa sahihi tangu mwanzo, ila ilikuwa upande ambao fundi hauonyeshi kwa mtu. Kule ndani kulikuwa na nyuzi zilizoning'inia, alama za chaki, kingo za pazia kuukuu zilizochanika pale alipounganisha, na kiraka kilichofunika mahali palipoliwa na panya. Wateja wake wangekuwepo ukumbini. Mzee Suti alikuwa ameshaahidi kuja. Mwanamke ambaye hakuwahi kutoa shati lenye uzi unaoning'inia angetundika ukutani kitu ambacho yeye mwenyewe angemgombeza mwanagenzi kwa kukifanya. Alitamani kulia, akaona hana muda huo.

Akamwita Kasuku.

Hakuzungukazunguka. Alimweleza alivyolaza kitambaa, alichokiona jioni, na alichosema mwalimu. Alisema shauri la mwalimu hatalikubali, lakini kama yeye Kasuku anaona afadhali wasiende na kitambaa kabisa, wataondoka na karatasi yake tu. Kasuku alisikiliza akiwa amesimama. Mikono ilikuwa imeshaanza kushika sketi. Uso wake ulikuwa uleule wa mwaka jana, na mama alipouona alijua kwamba amefanya hasa kile alichokiogopa.

“Nionyeshe ule upande mwingine,” alisema Kasuku.

Mama akageuza. Kasuku aliona vifungo vikimetameta chini ya taa ya jikoni, pembe nyeupe za Ng'ombe, kile kifungo chekundu. Alikigusa.

“Hiki ni cha koti la arusi yako.”

“Ndicho.”

“Kitambaa ni kizuri sana, mama.” Akaondoa mkono. “Ni kizuri halafu hakifai.”

Mama akamwambia hakifai, kweli. Akamgeuzia tena upande wa mafundo. Kasuku aliinama juu yake kwa muda mrefu, akifuata njia ya mwezi kwa kidole, kutoka kulia kwenda kushoto, midomo ikicheza bila sauti. Kisha akasema anakwenda kulala. Hakusema watabeba kitambaa wala hawatabeba. Mama alikesha kitandani akisikiliza kama mtoto analia, hakusikia kitu, na ukimya huo ukamtia hofu zaidi.

Asubuhi Kasuku ndiye aliyebeba mfuko.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Mtoto wa kwanza alieleza kuhusu sabuni, wa pili kuhusu mizizi. Zamu ya Kasuku ilipofika, yeye na mama yake walitundika kitambaa, upande wa ndani ukiwatazama watu. Minong'ono ilianza palepale. Mwanamke mmoja, mteja wa siku nyingi, alimgusa mwenzake kwa kiwiko. Mwalimu wa sayansi, aliyesimama mlangoni, aliinua mikono kidogo na kuishusha, kama mtu anayeona gari likianza kuteremka bila dereva. Mzee Suti peke yake ndiye aliyethubutu kusema kwa sauti, akidhani ni kiwewe cha asubuhi.

“Mama Vifungo, mmeivalisha mbingu ndani nje.”

Watu wakacheka. Mama Vifungo alirudi kusimama ukutani, uso ukiwaka moto. Kasuku alibaki mbele, mwezi wa hariri mkononi. Kiongozi wa majaji, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, alisubiri kicheko kitulie.

“Binti, kitambaa chenu kimegeuzwa. Ni haraka tu, au mna sababu?”

Kasuku alifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Mkono wake wa kushoto ulishuka, ukaitafuta sketi, ukaishika. Mama aliuona. Alijikuta anasukuma ukuta kwa mgongo, kana kwamba ungeweza kufunguka umpitishe. Mahali fulani nyuma mtoto mmoja alinong'ona lile neno la ulimi, na mwenzake akamnyamazisha. Jaji akaangalia saa yake bila kukusudia.

“Mama,” alisema Kasuku. Ilikuwa sauti ndogo, ya kukwaruza. “Njoo ukifunue.”

Mama Vifungo alitembea ule ukumbi wote. Alishika pembe ya chini, akaiinua na kuikunja juu, mpaka nge wa vifungo akatokea, aking'aa. Watu wakaguna kwa kupendezwa. Hiyo nayo ilimuuma.

“Upande huo ni mzuri,” alisema Kasuku, akiwatazama majaji magotini, si usoni. “Mama alichora ndani kama mafundi wanavyochora, kwa hiyo nje pamegeuka. Jana jioni aliangalia juu akaona mkia wa nge hauko vile. Upande huo wa vifungo ni wa mtu aliye nje ya nyota zote, anazitazama kutoka huko akituona sisi katikati. Hakuna mtu huko. Sisi tuko ndani. Kwa hiyo tumetundika ndani.”

Mama akaishusha pembe bila kuiachia. Kasuku akavuta pumzi. Akabandika mwezi kwenye Mizani.

“Juzi ulikuwa hapa.” Akausogeza kushoto, hadi kando ya fundo jekundu. “Jana hapa. Leo jua likizama mtaukuta umeuvuka moyo, unaelekea mkiani. Msiniamini mimi. Tokeni nje jioni muangalie.”

Baada ya hapo hakukamatika. Alieleza sisimizi na kitambaa cha cherehani, alieleza kwa nini mwezi huchelewa kuchomoza kila siku, alieleza tofauti ya kurudi kwenye nyota na kurudi kwenye umbo, na jaji alipojaribu kumkatiza kwa swali, alimwomba asubiri amalize kwanza. Mama Vifungo alikuwa bado ameshika pembe ya kitambaa. Hakuna aliyemwambia aiachie, naye hakukumbuka.

Matokeo yalisomwa mchana. Mtoto wa sabuni alikuwa wa kwanza. Majaji walisema kazi yake ilikuwa nadhifu zaidi, na hilo Mama Vifungo hakuweza kulipinga. Kasuku alikuwa wa pili, na nafasi zilikuwa mbili. Mwalimu wa sayansi alikuja kuwapa mkono. Alisema kwamba kwa kweli yeye alikuwa hana wasiwasi, kisha akakutana na macho ya Mama Vifungo, akasema hapana, alikuwa nao, na shauri lake la jana lilikuwa baya. Mama Vifungo alimjibu kwamba ni kweli lilikuwa baya. Hakuongeza neno, na hakulipunguza.

Njiani Kasuku alizungumza mfululizo, akirudia kila alichokisema na kila alichosahau kusema. Mama alimwitikia. Lakini walipofika nusu ya njia alikuwa ameshaanza kufikiria bweni: vitanda vya ghorofa ambavyo mtoto huweza kuanguka, maji ya baridi, wasichana wakubwa wenye maneno, na kufuli za masanduku ambazo mtu yeyote hufungua kwa pini ya nywele. Akamuuliza Kasuku kama anadhani madirisha ya kule yana nyavu za mbu.

“Mama,” alisema Kasuku, “hata sijaondoka.”

“Najua,” alisema Mama Vifungo. “Ndiyo maana nauliza sasa.”